Kupiga hesabu ya gredi za mwisho kwa Excel bila kupoteza maksi za mtu

Kila muhula ukiisha simu yangu inaanza kulia hata kabla sijamaliza kusahihisha, na ujumbe ni ule ule, "Mwalimu habari, samahani kwa usumbufu, maksi zangu za uniti yako hazionekani kwa potali." Nimefundisha kama patitaima kwa vyuo kadhaa vya huku magharibi, leo niko Kisumu kesho nimepanda matatu ya Kakamega, Kiboswa, Majengo, Chavakali mpaka nashuka na vumbi ya chaki bado iko kwa shati, kwa hivyo shiti za maksi nimezijaza nyingi na nimezikosea pia. Zamani nilikuwa nadhani maksi hupotelea ofisini, kwa ile meza yenye mafaili yamepandana mpaka dirisha halionekani. Sawa, zingine hupotelea huko. Lakini zile nimefuatilia mwenyewe mpaka mwisho, nyingi zilipotelea kwa laptopu ya mwalimu, kwa seli moja, yaani kile kisanduku kimoja cha Excel, iliyobaki tupu na hakuna mtu aliuliza mbona iko tupu.

Sasa hii ni ya mwalimu mwenzangu, hasa wewe umeanza juzi na umepewa darasa la watu 118 na ukaambiwa maksi zinatakiwa Ijumaa. Naongea Excel juu ndio iko kwa kompyuta nyingi za idara, lakini kama laptopu yako haina, LibreOffice Calc ni ya bure na mambo ni yale yale, isipokuwa huko ile alama ya mshangao inayokaa baada ya jina la shiti unaweka nukta. Google Sheets pia inafanya, ila bando ikiisha katikati ya kazi usinitafute.

Kabla hujafungua kompyuta, tafuta kosi autilaini na sheria za mitihani za chuo chako. Najua zinaboesha. Vyuo vingi vya serikali hapa Kenya CAT, yaani zile test za katikati ya muhula, na asainimenti ni 30, mtihani ni 70, pasi ni 40, halafu A inaanza 70, B 60, C 50, D 40, na chini ya hapo umeanguka, wengine wanaiita E wengine F. Lakini usifikirie ni kila mahali, kozi kama udaktari pasi huwa 50, na uniti zenye zina maabara au prakitiko wanagawanya tofauti kabisa. Kama unafundisha vyuo viwili kama mimi, usibebe shiti ya chuo kimoja ukaipeleka kingine na kubadilisha jina la juu tu, utakuja kujua umetumia gredi za watu wengine wakati bodi ya mitihani imeshakaa.

Kitu cha kwanza cha kuamua ni vile utaunganisha zile 30. Watu wengi wanaruka hapa na ndipo kuna gredi ya mtu. Chukua mwanafunzi mmoja, CAT 1 umesahihisha juu ya 20 akapata 14, CAT 2 juu ya 30 akapata 18, asainimenti juu ya 10 akapata 8. Ukijumlisha zote ni 40 juu ya 60, ukileta kwa 30 inakuwa 20. Lakini kama kosi autilaini inasema kila moja ni maksi 10, basi CAT 1 inampa 7, CAT 2 inampa 6, asainimenti 8, jumla 21. Sasa mtihani amepata 39. Njia ya kwanza ana 59, C. Njia ya pili ana 60, B. Mwanafunzi ni yule yule, wino ni ule ule, hakuna mtu amekosea kujumlisha, na gredi ni mbili. Kwa hivyo njia yenye ulitangazia darasa siku ya kwanza ndio utatumia, si ile imekujia rahisi usiku wa manane ukiwa na bukleti 40 za majibu zimebaki.

Haya fungua faili. Mimi naweka shiti ya kwanza naiita Maksi, kolamu A ni namba ya usajili, B jina, C ni CAT 1, D ni CAT 2, E asainimenti, F mtihani, G jumla, H gredi. Shiti ya pili naiita Gredi, na huko kuna kajedwali kadogo tu, kolamu A nambari, kolamu B herufi, kuanzia mstari wa 2: 0 ni E, 40 ni D, 50 ni C, 60 ni B, 70 ni A. Lazima zipande hivyo kutoka ndogo kwenda kubwa. Ukianza na 70 juu vile tumezoea kuandika ubaoni, fomula nitakupea hapo chini itachanganyikiwa na haitakuambia.

Kuna sheria moja sitaki uivunje: kolamu C mpaka F ni za mkono wako, maksi mbichi vile ziko kwa bukleti, hakuna fomula hapo. Na G na H ni za fomula, hapo hakuna mkono. Siku utaona jumla ni 39 na uandike 40 juu ya fomula kwa huruma, hiyo seli imekufa, haitabadilika tena hata ukirekebisha CAT, na baada ya mwezi hutakumbuka ni gani. Kama idara imekubali kuongezea darasa zima maksi 3 juu swali fulani lilikuwa na makosa, ongeza kolamu yake, iandike jina, na fomula iisome. Mtu akiuliza unaonyesha kolamu.

Sasa ile seli tupu. Hapa naomba tutulie kidogo.

Kuna mwanafunzi alinikuja kutoka Busia, alikuwa amepanda gari ya saa kumi na moja asubuhi, akanikuta nje ya ukumbi nikinywa chai, hakuwa na hasira hata, alisema tu, "Mwalimu, mimi nilifanya huo mtihani, nilikaa karibu na mlango." Kwa shiti yangu alikuwa na 21, E. Yaani CAT 21 na mtihani hakuna kitu. Excel ukiiambia ijumlishe na seli iko tupu, inahesabu ni sifuri na inaendelea na safari yake, haikuulizi. Tulirudi kwa mifuko ya bukleti pamoja, tukafungua moja moja, na bukleti yake tukaipata imefungwa na uzi ndani ya bukleti ya mwingine, ikadhaniwa ni karatasi za kuongezea. Nikaisahihisha hapo hapo mbele ya mwenzangu, 51. Ile E ya 21 ikawa A ya 72. Nilimwomba msamaha na nikamrudishia nauli, lakini mpaka leo najiuliza ni wangapi hawakuwa na nauli ya kuja kuuliza.

Tangu hiyo siku kwa shiti yangu hakuna seli tupu. Kuna hali tatu na kila moja ina jina lake. Mtu amefanya na amepata bure, naandika 0. Mtu hakufanya na nimehakikisha kwa ile listi ya kutia sahihi siku ya mtihani, naandika ABS. Na mtu sijui yuko wapi, labda bukleti haionekani, labda alifanya CAT spesho na karatasi iko kwa mwenzangu, naandika ULIZA. Hiyo ULIZA ndio imeniokoa zaidi. Shiti haiondoki kwangu ikiwa na ULIZA hata moja bila barua fupi ya kueleza.

Ndio fomula ya jumla, kwa ile njia ya kila moja maksi 10 na mtihani juu ya 70, unaiandika kwa G2:

=IF(COUNT(C2:F2)<4,"X",ROUND(C2/20*10+D2/30*10+E2/10*10+F2,0))

COUNT inahesabu nambari peke yake, maneno inayaruka, tupu inairuka. Kwa hivyo fomula inasema hivi, kama hapa hakuna nambari 4 kamili, usipige hesabu, weka X. Basi. Hakuna mtu anapewa E juu ya kitu chenye hakipo. Kama chuo chako kinasema aliyekosa CAT moja anahesabiwa sifuri hapo, sawa, utaandika 0 wewe mwenyewe kwa mkono wako na ukijua umeandika, tofauti ni hiyo.

Na usidhani ukitumia SUM badala ya kujumlisha na alama ya + ni kitu kimoja. Ukiwa na ABS kwa seli, + inapiga kelele, inakuletea #VALUE! mstari mzima. SUM inanyamaza, inajumlisha zingine na kukupa jumla inayofanana na ya ukweli. Afadhali ile ya kelele. Kuna ingine mbaya zaidi, nambari yenye Excel inaiona kama maandishi, mara nyingi ukikopi kutoka kwa PDF au kwa faili ya mtu. Unaona 14 na wewe unajua ni 14, lakini SUM inaipita kama haijaiona. Dalili yake ni kwamba imeegemea upande wa kushoto wa seli badala ya kulia, na kuna kapembe ka kijani hapo juu. Ukiona kolamu ya maksi ina nambari zinaegemea kushoto na zingine kulia, simama.

Ile ROUND nayo iko hapo kwa sababu. Excel inaweza kukuonyesha kitu kimoja na kuhesabu na kingine. Mtu ana CAT 17.6 na mtihani 22, jumla ni 39.6. Ukiwa umeondoa desimali kwa zile batani za juu, seli inaonyesha 40, lakini ndani bado ni 39.6, na fomula ya gredi inasoma ile ya ndani. Unachapisha karatasi inasema 40 halafu pembeni E. Nimeiona hiyo karatasi kwa ubao wa matangazo, wanafunzi wamejaa wanaipiga picha. ROUND inabadilisha nambari yenyewe, si sura tu.

Lakini uliza pia chuo chenu kinaraundi wapi. Kuna wenye wanaraundi CAT peke yake, mtihani peke yake, halafu wanajumlisha, na kuna wenye wanajumlisha kwanza. CAT 18.5 na mtihani 20.5, ukiraundi kila moja ni 19 na 21, mtu amepita na 40. Ukijumlisha kwanza ni 39, mtu yuko sapu, anarudia mtihani. Sina maoni ni gani bora, nina maoni kwamba darasa lote lazima lipitie njia moja.

Gredi sasa, kwa H2:

=IF(ISNUMBER(G2),VLOOKUP(G2,Gredi!$A$2:$B$6,2,TRUE),"X")

VLOOKUP inachukua ile jumla, inaitafuta kwa kajedwali ka Gredi na kukuletea herufi yake. Hizo alama za dola usiziache. Zinashikilia kajedwali mahali pake ukivuta fomula chini. Bila hizo, mstari wa 2 utasoma A2 mpaka B6, wa 3 utasoma A3 mpaka B7, inateleza hivyo, na watu wa chini kwa listi wanaanza kupata #N/A au gredi za ajabu huku wale wa juu wako sawa. Na kwa kuwa tunapenda kuangalia mistari ya kwanza mitano na kusema iko poa, hutaona. Sikiza, hata wakubwa hukosea mambo ya mistari. Mwaka 2010 wachumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, huyu wa pili profesa wa Harvard, waliandika makala kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi na wanasiasa wakainukuu sana, halafu 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, Thomas Herndon, akapata shiti yao na kukuta fomula ya wastani imeishia mapema, nchi 5 zimeachwa nje. Kama mwanafunzi anaweza kupata kosa la profesa wa Harvard, wale wa kwako watakupata na wako na sababu nzuri zaidi ya kutafuta.

Hiyo TRUE kwa mwisho ni sawa hapa kwa gredi, juu tunatafuta "iko kati ya ngapi na ngapi". Lakini kuna pahali itakuumiza vibaya. Mara nyingi CAT unazo wewe na maksi za mtihani zimeingizwa na mtu mwingine kwa faili yake, sasa unataka kuziunganisha kwa namba ya usajili. Unazileta kwa shiti inaitwa Mtihani na unaandika:

=VLOOKUP(A2,Mtihani!$A$2:$B$200,2,FALSE)

Hapo ni FALSE, na ukisahau kuandika, Excel inachukua kwamba ulimaanisha TRUE, inatafuta ya karibu karibu, na kama listi haijapangwa inakupea maksi za mtu mwingine kabisa, nambari safi, hakuna alama ya kosa, hakuna rangi nyekundu. Hii ndio hatari kubwa kuliko zote kwa hii kazi nzima kwa maoni yangu. Seli tupu angalau mwenyewe atakuja kulia, lakini nani atakuja kusema mwalimu umenipea B na mimi nilistahili D?

Na VLOOKUP ina tabia ingine, ikimpata mtu lakini seli yake ya maksi iko tupu, inakuletea 0. Si tupu, 0. Ndio tumerudi pale pale kwa yule wa Busia. Kwa hivyo kabla ya kuunganisha, enda kwa shiti ya Mtihani, chagua kolamu ya maksi, bonyeza F5, halafu Special, halafu Blanks, zile tupu zote zitashikwa pamoja, andika ULIZA na ubonyeze Ctrl na Enter kwa pamoja. Zote zinajaa. Ukishaunganisha, chagua kolamu yote, kopi, halafu pesti kama Values ili ile fomula itoke na zibaki nambari za kawaida, juu tulisema C mpaka F hakuna fomula.

Ukipata #N/A usikasirike, hiyo ni rafiki, inasema hii namba sijaiona kule. Mara nyingi mtu yuko ila ameandikwa tofauti, kuna herufi O mahali pa sifuri, kuna mkwaju umekuwa kistari, kuna nafasi imebaki nyuma ya namba yenye macho hayawezi kuona. Nafasi za kawaida TRIM inazitoa. Ila ukikopi kutoka kwa potali kuna nafasi ya aina ingine TRIM haiishiki, hiyo unaitoa na =SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""). Nilipoteza jioni nzima kabla niijue hiyo, nikiangalia namba mbili zinafanana kama mapacha na Excel ikikataa katakata.

Kuingiza maksi sasa. Usiandike 12/20 kwa seli hata siku moja. Excel inaona tarehe, inakugeuzia kuwa kitu cha Disemba, na ukiilazimisha irudi nambari inakuletea elfu arobaini na kitu. Si wewe peke yako, wanasayansi wa jeni walisumbuliwa na hii mpaka mwaka 2020 kamati inayopeana majina ya jeni za binadamu ikatangaza imebadilisha majina kadhaa, juu jeni ikiitwa SEPT1 au MARCH1 Excel inaifanya Septemba na Machi. Watu walibadilisha majina ya jeni kabla Excel ibadilike, imagine. Wewe andika 12 tu, ile 20 iko kwa kichwa cha kolamu.

Ingizeni mkiwa wawili, mmoja anasoma mmoja anaandika. Mimi huwa na mtoto wa dada yangu tukiwa nyumbani Mamboleo, na wale mnajua Kisumu mnajua mvua ya jioni ikianza kupiga mabati. Siku moja anasoma, "Anko, arobaini na sita," mimi nasikia arobaini na saba. Sita na saba kwa mvua ni kitu kimoja. Tulipokuja kurudia tukakuta tumekosea nne kwa bukleti 30. Tukaamua mvua ikinyesha tunatumia Kijaluo, sita ni auchiel na saba ni abiriyo, hapo hata radi haiwezi kuchanganya. Na nikimaliza kuandika kila bukleti namrudishia kwa sauti kabla afungue ingine. Inachelewesha, ndio. Kuitwa kwa bodi kunachelewesha zaidi.

Ili pia Excel ikusaidie kukataa, chagua kolamu C kuanzia C2 kwenda chini, enda Data, halafu Data Validation. Wengi wanaweka Decimal kati ya 0 na 20, ni sawa, lakini itakukatalia hata ABS. Chagua Custom na uweke:

=OR(C2="ABS",C2="ULIZA",AND(ISNUMBER(C2),C2>=0,C2<=20))

Kwa D unabadilisha iwe D2 na 30, E iwe 10, F iwe 70. Sasa ukiandika 41 badala ya 14 inakukataza. Ila ujue inakagua kuandika tu, ukipesti haina habari.

Kupanga listi kwa alfabeti, weka kishale kwa seli moja ndani ya data na upange hivyo, au geuza yote kuwa jedwali na Ctrl na T kwanza. Ukichagua kolamu ya majina peke yake Excel itakuuliza kama ipanue uchaguzi, na mtu mwenye haraka anabonyeza ile ya kuendelea bila kupanua. Majina yanahama, maksi zinabaki. Kila mtu kwa darasa sasa ana maksi za jirani. Ukigundua hapo hapo ni Ctrl na Z, ukigundua kesho ni kurudi kwa bukleti zote.

Ukimaliza kuna hesabu ya kukagua yenye haichukui dakika kumi. Darasa la 118, mistari ni 2 mpaka 119. =COUNT(F2:F119) lazima iwe sawa na bukleti ziko kwa mfuko, zihesabu kwa mkono, tuseme 113. =COUNTIF(F2:F119,"ABS") inafaa iwe 5. 113 na 5 ni 118, uko sawa. Ikiwa ni 112 na 5, kuna mtu mmoja yuko hewani na lazima umtafute leo. Halafu idadi ya kila gredi, A ngapi, B ngapi mpaka X, zikijumlishwa zirudi 118 tena. Toa bukleti tano bila kuchagua, moja iwe ya juu kabisa kwa listi na moja ya chini kabisa, piga na kalkuleta ya simu, linganisha na shiti.

Na wale wa mpakani, 39, 49, 59, 69, wapake rangi na Conditional Formatting, urudi kwa bukleti zao ujumlishe tena maswali. Simaanishi uwaongezee, mimi sipendi hiyo mchezo. Namaanisha hapo ndipo kosa lako la kujumlisha kwa kava ya bukleti linageuka gredi ya mtu, na egzamina wa nje akija hizo ndizo anaitisha kwanza.

Faili usiite final, juu kutakuwa na final2 na final ya ukweli. Weka kodi ya uniti na tarehe, mwaka kwanza, mwezi, siku, zitajipanga zenyewe. Seivu kila mara, stima yetu mnaijua, na Excel inajihifadhia ya dharura kila baada ya dakika 10 kama hujabadilisha, na kwa dakika 10 watu wawili mnaingiza bukleti nyingi. Weka nakala kwa fleshi na nyingine kwa barua pepe ya chuo. Na ukiwa saiba pale Kondele unachapisha, usiache faili kwa desktopu ya mtu, futa, halafu umwage na ile Recycle Bin pia.

Ile tabia ya kutuma listi nzima na majina kwa grupu ya WhatsApp ya darasa, wacha. Maksi ni habari ya mtu binafsi na Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Kiranja wa darasa akisema "Mwalimu tutumie tu tuone," mwambie kila mtu ataona yake. Ukituma kwa idara weka paswadi, File, Info, Protect Workbook, Encrypt with Password, na paswadi uipeleke kwa simu si kwa ile barua pepe yenyewe. Iandike mahali, ukiisahau hata Microsoft hawakusaidii. Ile ingine ya Protect Sheet ni ya kuzuia kidole kuteleza kwa fomula tu, usidhani ni kufuli.

Halafu chapisha. Najua ni ya kidijitali na potali ipo, chapisha tu. Tia sahihi kila ukurasa si wa mwisho peke yake, piga picha, na ukipeleka kwa idara kuwa na daftari lako, uandike "uniti fulani, wanafunzi 118, A ngapi mpaka X ngapi, kurasa 4", na yule anapokea atie jina lake, sahihi na tarehe hapo mbele yako kabla hujatoka kwa mlango.